Ilimba Mbele ya Mtambo

Mtu anayetengeneza ilimba, yaani marimba ya mkono ya Wagogo, hana budi kuwa rafiki wa buibui. Ilimba ni sanduku la mbao lililo tupu ndani, na juu yake hupangwa ndimi nyembamba za chuma ambazo mchezaji huzibonyeza na kuziachia kwa vidole. Katika ubao wa mbele hutobolewa matundu, na matundu hayo hufunikwa kwa utando mwembamba unaotolewa katika vifuko ambamo buibui hutaga mayai yake. Chuma kinapolia, utando nao hutetemeka, na ile sauti safi ya chuma huvikwa mvumo kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Isitoshe, katika ilimba kubwa zimo ndimi ambazo mchezaji hazigusi kabisa. Kazi yake ni kuitikia tu: ndimi nyingine zinapopigwa, hizo hutetemeka zenyewe na kuifanya sauti ibaki hewani kama mwangwi wa pangoni.

Nimeanza na buibui kwa makusudi, kwa sababu huku kwetu Njisi, katika wilaya ya Kyela, pana mabishano yasiyokwisha juu ya ngoma na umeme. Njisi ni kata ya mpakani. Barabara kuu itokayo Uyole hupita Tukuyu, ikateremka hadi Kasumulu na kuvuka mto Songwe kuingia Malawi, na muziki wa kila namna hupita humo pamoja na magunia ya mpunga na kakao: redio za pande zote mbili, spika zilizofungwa juu ya pikipiki, kwaya zenye vinanda vya umeme, na singeli iliyotoka Dar es Salaam juzi tu. Wazee husema kwamba umeme unaiua ngoma. Vijana hujibu kwamba ngoma isiyo na umeme imekwisha kufa, iliyobaki ni kuizika. Nimefundisha watoto wa pande zote mbili za mabishano hayo kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu yanaliacha pembeni swali lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: ala ya asili na mtambo vinapokutana, ni kipi kinachomfuata mwenziwe?

Mtu aliyelijibu swali hilo kwa kazi yake simpati kando ya Ziwa Nyasa. Nampata Ugogo, katika ukoo wa Zawose.

Hukwe Zawose alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 karibu na Dodoma, akakua akichunga ng'ombe na kujifunza muziki kwa baba yake. Wakati huo hakuna aliyemwita mchunga ng'ombe mtunzi. Jina hilo lilikuwa la watu walioandika nota. Mambo yalibadilika baada ya Uhuru. Mwaka 1962 ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge masikitiko yake kwamba wasomi wetu walijua kucheza dansi za Ulaya lakini hawakuzijua gombe sugu, mangala, kiduo wala lelemama. Kisha kikaundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa, na Hukwe akaitwa Dar es Salaam. Chuo cha Sanaa kilipofunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, chuo ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yeye alikuwa miongoni mwa walimu wake, na mji huo wa pwani ukawa makao ya ukoo mzima. Hivyo basi, Mgogo wa nchi kavu alifundisha ilimba mahali ambapo upepo wa bahari huozesha chuma. Wanafunzi wake walitoka kila mkoa.

Santuri ya kwanza iliyompeleka mbali, iitwayo Tanzania Yetu, ilitoka Uingereza mwaka 1985. Mwaka 1996 ikafuata Chibite, iliyotolewa na Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel. Katika kazi hizo mbili hamna umeme ila ule wa kunasia sauti. Msikilizaji hupewa ilimba, zeze, filimbi, njuga na koo la Hukwe, koo ambalo liliweza kushuka hadi kwenye ngurumo na kupanda hadi kwenye sauti ya mtoto pasipo kupumzika katikati. Mtu mwingine angetosheka hapo. Alikuwa mzee, anaheshimiwa kwao na ughaibuni, na hakuwa na la kuthibitisha.

Lakini mwaka 2002 ilitoka kazi iitwayo Assembly, yenye majina mawili juu ya jalada: Hukwe Zawose na Michael Brook. Brook ni mpiga gitaa na mtayarishaji kutoka Kanada, aliyejulikana kwa kuunda gitaa ambalo sauti yake, kwa msaada wa umeme, haikatiki mpaka mpigaji atake ikatike. Kabla ya hapo alikwisha kufanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan, mwimbaji mkuu wa kawali wa Pakistani. Mwaka huohuo Hukwe na mpwa wake Charles walifuatana na Peter Gabriel katika maonyesho ya Amerika ya Kaskazini, wakiimba katika kumbi kubwa. Baada ya hayo muda uliobaki ulikuwa mfupi. Hukwe alifariki Desemba 2003, na Charles akamfuata mwaka 2004.

Wapo waliosema kwamba katika Assembly mzee aliuzwa. Nimeisikiliza mara nyingi, na sikubaliani nao, ingawa hofu yao naielewa. Nikisikiliza kwa makini nasikia kwamba ilimba ndiyo inayoshika mwendo. Gitaa la umeme halikai mbele yake. Huja kwa nyuma, likanyoosha sauti moja ndefu chini ya ndimi za chuma, kama ukungu unavyotanda chini ya milima ya Livingstone asubuhi huku vilele vikiwa wazi. Ule mvumo wa utando wa buibui haukusafishwa. Umeachwa palepale, na mara nyingine sikio hushindwa kutambua mvumo upi ni wa buibui na upi ni wa waya. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba mafundi wa Ugogo walikuwa wakiutafuta mvumo huo kabla ya mtu yeyote kuchomeka gitaa kwenye umeme, na kwamba zile ndimi zisizochezwa zilikuwa zikifanya kazi ambayo leo hufanywa na kitufe cha mwangwi katika kila studio.

Sisi wa Nyasa nasi tulikuwa katika msako huohuo. Katika mganda, ngoma ya vijana iliyoenea kwenye mwambao wa ziwa na ambayo ndugu zetu wa Malawi huiita malipenga, wachezaji hujipanga kwa safu kama askari, mchezo uliozaliwa kutokana na gwaride la majeshi ya wakoloni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Tarumbeta za shaba hazikupatikana. Wakachukua vibuyu, wakavitoboa, wakayafunika matundu kwa utando wa buibui, wakaimbia humo. Sauti ya mtu ikaingia kama sauti ya mtu ikatoka kama tarumbeta. Siku hizi wengi hutumia kipande cha plastiki, na mzee mmoja mtengenezaji wa vibuyu aliwahi kunichekesha kwa kusema kwamba Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Juni 2019, ilimrudishia buibui ajira yake.

Kwa hiyo sioni haya kumwambia mwanafunzi kwamba mtambo si mgeni kama anavyodhani. Vitabu vingi huanza historia ya muziki wa kielektroniki mjini Paris mwaka 1948, wakati Pierre Schaeffer alipotunga muziki kwa kelele za garimoshi alizozinasa kwenye santuri. Lakini miaka minne kabla, mwaka 1944, kijana wa Kimisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima kinasa sauti cha waya cha kituo cha redio mjini Cairo, akakipeleka kwenye ngoma ya zari, ile ya kupunga pepo, akazinasa sauti za wanawake, kisha studioni akaziondoa baadhi ya sehemu za sauti hizo na kuzivutavuta kwa mwangwi mpaka ukazaliwa muziki mwingine. El-Dabh alifariki mwaka 2017 huko Marekani alikokuwa amefundisha kwa miaka mingi. Alianza na ngoma ya akina mama wa Afrika, na mtambo akauleta uisikilize.

Sasa nieleze kwa nini mambo haya yananigusa kuliko yanavyomgusa msomaji wa mbali.

Miaka michache iliyopita nilimpeleka shangazi yangu kwenye studio moja ya mjini ili zinaswe nyimbo za mavuno alizojifunza kwa mama yake. Alikuwa na umri wa miaka zaidi ya sabini, na katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyezijua zote. Kijana wa studio alitupokea kwa heshima. Alimwita bibi, akamletea kiti na maji, akamrekodi asubuhi nzima bila kuchoka. Baada ya siku mbili nikaletewa nyimbo zikiwa tayari, zimetiwa ngoma ya kompyuta na kinanda. Nilimwekea shangazi kwenye simu. Akasikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho, akasikiliza nusu ya wa pili, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, huyu anayeimba ni nani?”

Lilikuwa swali la haki. Sauti yake ilikuwa imepigwa pasi. Pale alipokuwa akiivuta sauti ikakaa kati ya funguo mbili za kinanda, programu ilikuwa imeichukua na kuibandika kwenye ufunguo ulio karibu. Programu za aina hiyo zilianza mwaka 1997, zikiwa zimebuniwa na mhandisi wa Marekani, Andy Hildebrand, ambaye hapo kwanza alikuwa akichunguza mitetemo ya ardhi kwa ajili ya watafutaji wa mafuta. Ni kazi ya akili kubwa, na sina ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba mtambo umepewa ngazi moja tu ya sauti na kuambiwa kwamba kila kilicho nje ya ngazi hiyo ni kosa. Kijana wa studio hakuwa na nia mbaya. Alidhani anamsaidia bibi asiyejua kuimba sawasawa.

Hapa naomba subira ya msomaji, maana bila hesabu kidogo jambo hili hubaki kuwa manung'uniko ya wazee. Chukua uzi unaotetemeka mara 100 kwa sekunde. Ndani ya sauti yake mna sauti nyingine ndogo, za mitetemo 200, 300, 400, na kuendelea, ambazo hazikuwekwa na mtu bali ni tabia ya uzi wenyewe. Wataalamu waliouchunguza muziki wa Wagogo wameonyesha kwamba ngazi yao ya sauti inafuata mpango huo wa asili kwa ukaribu sana, hasa zile sauti zinazoanzia ya nne na kuendelea: 400, 500, 600, 700, 800, 900. Kinanda cha kawaida kwa upande wake kimegawanywa katika hatua 12 zilizo sawasawa. Ukianzia 400, ufunguo wa kinanda unaokaribia 500 hutoa takriban 504, na ule unaokaribia 700 hutoa takriban 713. Tofauti ya kwanza ni ndogo, masikio mengi huisamehe. Ya pili ni karibu theluthi nzima ya nusu-sauti, na hakuna sikio lililolelewa Ugogo litakaloisamehe. Kumwambia mchezaji wa ilimba azisogeze ndimi zake zilingane na kinanda ni sawa na kumwambia Mnyakyusa azungumze Kinyakyusa kwa lafudhi ya Dodoma ili wageni wamwelewe.

Wala nyimbo za shangazi si za Kigogo, na ngazi yake si ileile. Nilichokiona ni ugonjwa uleule: mtambo ulioletwa kusaidia ndio ulioamua wimbo uweje.

Kwa sababu hiyo nimekuwa nikifuatilia kwa hamu kazi ya mwana wa Hukwe, Msafiri Zawose, ambaye namhesabu kuwa mtunzi hasa wa muziki huu wa kuchanganya. Baba yake aliufikia mtambo uzeeni, baada ya kumaliza kazi yake kubwa. Msafiri alikulia Bagamoyo akiwa na ilimba mkono mmoja na dunia ya kaseti, kompyuta na wageni kutoka kila bara mkono wa pili. Mwaka 2017 kampuni ya Soundway ya London ilitoa albamu yake Uhamiaji, aliyoifanya pamoja na mtayarishaji Sam Jones. Humo zeze na ilimba vinakaa pamoja na sauti za sinthesaiza na besi nzito ya umeme. Jina lenyewe lina maana. Muziki wa Wagogo umehama: kutoka malishoni hadi Dar es Salaam, kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo, na kutoka hapo hadi kwenye mtambo.

Si kila wimbo wa Uhamiaji unaonipendeza kwa kiasi sawa. Mahali pachache naona besi imekula nafasi ambayo njuga zingeitumia vizuri zaidi. Lakini kuna sifa moja inayopita kote, nayo ni kwamba mizunguko ya ilimba, ile mizunguko mifupi inayorudiwa huku ikibadilika kidogokidogo, ndiyo iliyoachwa iamue umbo la wimbo. Mtambo una tabia ya kurudia kitu kimoja bila kuchoka, na ilimba nayo ina tabia hiyo, ila ilimba hairudii mara mbili kwa namna ileile kabisa. Zikiwekwa pamoja, moja huifundisha nyingine. Mwaka huohuo wa 2017 ilitoka Kampala, chini ya kampuni ya Nyege Nyege Tapes, mkusanyo wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam, muziki wenye kasi ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, ambao karibu wote umezaliwa ndani ya kompyuta. Wanafunzi wangu huniuliza upi kati ya hiyo miwili ni utamaduni wetu. Huwajibu kwamba yote miwili imetungwa na Watanzania waliojua walichokitaka kwa mtambo, kisha huwaachia wabishane, maana wao hubisha vizuri kuliko wazazi wao.

Ukoo huo haukuishia kwa wanaume. Kwa desturi, wanawake wa Kigogo ndio wenye muheme, ngoma wanayoipiga wakiwa wameibana kati ya mapaja, lakini katika vikundi vya ukoo walikaa nyuma kama waitikiaji, na ilimba ikabaki mikononi mwa wanaume. Mwaka 2024 Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, walitoa kwa jina la The Zawose Queens albamu iitwayo Maisha, kwa kampuni ileile ya Real World, na humo baadhi ya nyimbo zimetiwa mitambo kwa kiasi. Wanaodai kwamba umeme huharibu desturi hawana budi kulitazama jambo hili. Katika nyumba hiyo, desturi iliyobadilika kwa kishindo zaidi ni ya nani aketi mbele, na hilo halikuhitaji hata waya mmoja.

Shuleni kwetu tuna kinanda kimoja cha umeme, zawadi ya wazazi. Nilipokichunguza niligundua kwamba kinaruhusu kila ufunguo kupandishwa au kushushwa kwa vipimo vidogo, kitu ambacho vinanda vingi vya siku hizi vinaweza kufanya ingawa wenyewe hawakitumii. Wanafunzi wa kidato cha tatu hufunga waya juu ya ubao, huutafutia sauti ya saba kwa kuugusa polepole kwa kidole mahali panapostahili, huipima kwa simu, kisha hushusha ufunguo wa kinanda mpaka viwili hivyo vilie pamoja bila kugombana. Mara ya kwanza nusu ya darasa ilisema kinanda kimeharibika. Binti mmoja ambaye nyanya yake alikuwa mwimbaji wa misibani alisema ndiyo kwanza kimepona. Nilipomleta shangazi na nyimbo zake, walimnasa kwa simu tu, wakakaa siku tatu wakizitafuta sauti zake moja moja juu ya kinanda na kuziandika daftarini kwa namba. Mbili bado zimewashinda, kwa sababu hazitoi mahali pamoja kila mara. Zinategemea neno linalofuata.

Jumamosi kinanda huazimwa na kwaya, nayo hukirudisha katika vipimo vyake vya kiwandani. Jumatatu tunafungua daftari na kuanza tena.